Sindano Nyuma ya Jiko

Siku ile zuio la mahakama lilikuwa limebakiza mchana mmoja tu. Jua likizama kabla mawe ya mpaka hayajalizunguka ziwa na kukutana, zuio linakufa, na malori yaliyojipanga barabarani yana ruhusa ya kushuka na kumwaga kifusi majini. Kila aliyeishi kando ya ziwa alilijua hilo, hata wale ambao mahakama kwao ni jengo la kupita tu. Madereva wa malori nao walilijua. Walikaa kwenye kivuli cha magari yao wakicheza karata, injini zikiunguruma, kama wageni waliokwisha kunawa mikono wanasubiri sahani.

Aliyepewa kazi ya kulifunga ziwa alikuwa mpimaji wa ardhi, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, ambaye watu walimwita Mama Vigingi. Mwanzoni jina hilo lilikuwa la kumcheka, baadaye likawa la kumwogopa. Alikuwa ametukanwa na wenye viwanja, amemwagiwa maji machafu na mke wa mtu, amekimbizwa na mbwa, na bado kila asubuhi alirudi na vibarua wake na karai la zege, akiamkia watu kwa adabu kama aliyeleta posa.

Ziwa lenyewe lilikuwa limeliwa kama sukari ya ofisini: kila apitaye kijiko kimoja, na hakuna aliyemaliza bakuli. Huyu alifukia pa kuegesha gari, yule pa kufuga kuku, mwingine akaweka ukuta na geti. Kisha akaja tajiri wa malori akasema yeye atachukua kilichobaki. Mvua zilizopita, maji yaliyokosa pa kukaa yaliingia sokoni, yakaingia na wodi ya wazazi, akina mama wakatolewa dirishani na vichanga wao vifuani. Mama Vigingi alikuwa miongoni mwa waliowapokea kwa nje. Tangu siku ile hakuwa na mzaha na mtu kuhusu maji yanapotakiwa kulala.

Sasa, mpaka wa ziwa lililofukiwa utaupataje? Ramani zilikuwepo, lakini kila mwenye kiwanja alikuwa na yake, na kila ramani ilikuwa na muhuri. Mama Vigingi akaja na kitu ambacho vibarua walikiita sindano. Ilikuwa nondo ndefu yenye ncha na meno madogo ubavuni, inapigwa nyundo mpaka izame, halafu inavutwa. Ikitoka na udongo mwekundu, hapo ni nchi kavu tangu enzi, mwenye kiwanja anapewa hongera. Ikitoka na tope jeusi lenye nyuzi za mizizi ya mafunjo, hapo ni ziwa, hata kama juu yake kuna ghorofa. Na anayeivuta si mpimaji wala kibarua. Anaivuta mwenye kiwanja mwenyewe, mbele ya majirani zake. Mtu anaweza kubishana na muhuri hadi usiku, lakini si rahisi kubishana na tope lililoganda kwenye viganja vyake.

Ofisi nayo ilikuwa na sharti lake: mpimaji hapimi kwa ndugu. Nyumba ya Mama Vigingi ilikuwa upande wa shule, kwa hiyo upande huo alipewa mwenzake wa miaka mingi, Ndevu, mtu mpole ambaye ndevu zake zilikuwa kali kuliko yeye. Ndevu alianzia shuleni, Mama Vigingi akaanzia sokoni, wazunguke wakutane.

Nyumba yake hakuwa na wasiwasi nayo. Kiwanja alikitoa baba mkwe siku walipofunga ndoa. Baba mkwe alikuwa mwashi mstaafu, mzee mfupi wa maneno machache, na alimpenda mkwewe kwa namna ya watu wa kazi: hakumwambia, alimjengea. Jiko alilipandisha kwa mikono yake, tofali juu ya tofali, akakataa hata msaidizi. Wakati ule nyuma ya nyumba palikuwa na migomba, na migomba haioti ziwani. Sakafu ya jiko ilipopasuka, Mama Vigingi alilaumu saruji. Angekuwa amezikuta nyufa zile kwa mtu mwingine, angeitisha nyundo papo hapo.

Alasiri makundi mawili yakaonana. Vibarua wa huku wakawapigia miluzi wa kule, mmoja akaanza kucheza na sepetu kama bibi harusi. Lilikuwa limebaki jiwe moja la kuunganisha. Mama Vigingi akasimika mashine yake ya kupimia, akainama kwenye darubini alitafute jiwe la mwisho la Ndevu.

Aliona kamba ya nguo. Aliona gauni la shule la bintiye na shati la mumewe, na mbele ya shati, upande wa majini, jiwe jipya la zege, bichi bado. Akageuza darubini kidogo, akaliona jiwe lililotangulia. Hilo lilikuwa huku juu kabisa, usawa wa mlango wake wa mbele. Mstari ulikuwa unakuja vizuri kutoka shuleni, nyumba baada ya nyumba, halafu ukifika kwake unachepuka, unalizunguka jiko lake kwa heshima, kisha unarudi zake njiani.

Aliwaacha vibarua wake wamesimama akamfuata Ndevu.

"Ndevu, hapa kwangu ulichoma sindano?"

Ndevu alijikuna kidevu. "Nilipima kwa macho, dada."

"Tangu lini sisi tunapima kwa macho?"

"Tangu nilipofika kwako." Akashusha sauti. "Nimechoma kwa jirani yako wa kushoto, tope. Kwa wa kulia, tope. Nikasema basi, kwa dada sichomi. Nisipochoma sijui, nisipojua sina dhambi. Ulitaka nikubomolee nyumba kwa mkono wangu? Mimi nimekula humo ndani, dada."

Alisema kwa upendo kabisa, na hapo ndipo penye ubaya. Angekuwa amehongwa, Mama Vigingi angejua la kumfanya.

"Na majirani wakakuona ukipinda?"

Hapakuwa na haja ya jibu, maana majirani walikuwa wamekwisha kufika. Mbele yao alikuwa fundi cherehani, mjane wa nyumba ya kulia, mwanamke mnene asiyejua kunong'ona. Jiwe lake lilikuwa limewekwa asubuhi, katikati ya chumba anachoshonea, na wateja walikuwa wanaliruka kwenda kujipima.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu!" akapaza sauti.

"Kwa binadamu mchungu!" wakaitikia wengine. Hakuna aliyecheka.

Meneja wa malori akapenya katikati yao. Alikuwa mtu nadhifu, viatu vyake havijawahi kuonja tope la ziwa analolifukia. Simu aliishika juu, inarekodi.

"Mheshimiwa mpimaji, wananchi wanaomba sindano hapa. Haki sawa kwa wote, au siyo?"

"Haki sawa!" watu wakapokea, bila kujua wanampokea nani.

Kisha akashusha simu, akamsogelea Mama Vigingi kama anayempa pole. "Sikia, dada yangu. Mimi sina ugomvi na jiko lako. Ukikataa kuchoma, kesho hii picha iko mahakamani: mpimaji kajipendelea, mpaka wote unafutwa. Lakini hata kukataa huhitaji. Sema tu mashine imeharibika, kazi haikwisha. Nani atakulaumu? Kila mtu anarudi kwake. Na wewe una pa kurudi, siyo?"

Akatabasamu. Alikuwa amepiga hesabu zake, na jibu lilikuwa kwamba hakuna mwanamke anayevunja jiko lake mwenyewe.

Mama Vigingi alitazama jua, halafu akatazama nyumba. Tusimpambe: alitaka kukubali. Alitaka sana. Mashine huharibika, ofisi ingeelewa, Ndevu angeapa kwa mbingu na ardhi. Bintiye angelala kitandani kwake. Kilichomzuia hakikuwa ushujaa. Ilikuwa ni sauti ya injini barabarani, ambazo zilikuwa zimebadilisha mlio. Madereva walikuwa wametupa karata wakapanda. Lori la kwanza lilishuka mteremko taratibu, likafika kwenye matete, likaligeuzia ziwa mgongo, likasimama hivyo, tayari.

"Leteni sindano," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, mpaka kibarua akamuuliza amesema nini.

Wakazunguka nyuma ya jiko, watu wote nyuma yao. Na hapo, kwenye mstari hasa, juu ya kigoda, mgongo umeegemea ukuta aliousimamisha mwenyewe, alikuwa ameketi baba mkwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu."

"Baba, tulikuwa tunaomba kuchoma hapo ulipokaa."

"Chomeni kwingine. Ziwa ni kubwa."

Mkuu wa polisi utamhamisha kwa amri ya mahakama. Baba mkwe hata kivuli chake hukikanyagi. Kibarua aliyebeba sindano akairudisha nyuma ya mgongo wake kama aliyeshikwa na kitu cha wizi. Meneja aliinua simu tena.

Mama Vigingi akachuchumaa ili asiwe juu ya mzee. "Baba, hapo chini kuna nini?"

"Kuna kazi yangu," akasema mzee. "Nilipostaafu sikuwa na cha kumpa mwanangu. Nikaokota toroli. Matofali mabovu, vigae, udongo wa watu wanaochimba vyoo. Unadhani ni malori peke yake? Haba na haba, mwanangu. Lilikuwa tope tu, mbu na vyura. Nani alijua kwamba nalo lina mwenyewe?"

"Hukuniambia, baba."

"Ningekuambia ungekaa?" Akamtazama usoni. "Ukichoma hapa, unaniita mwizi mbele ya watu hawa."

"Siwezi kukuita mwizi, baba. Ulimi wenyewe utakataa."

"Sindano itaniita."

Mumewe alikuja mbio kutoka kwenye karakana yake, seremala huyo, vumbi la mbao limejaa kwenye nywele. Alitazama umati, akamtazama baba yake, akaelewa kabla ya kuambiwa.

"Mama watoto, umefanya nini?"

"Bado sijafanya."

"Basi usifanye." Alimshika mkono akamvuta pembeni. "Ni nyumba yetu. Tumeanza na kitanda na jiko la mkaa, umesahau? Tuna mtoto mle ndani."

"Na fundi cherehani ana wanne. Amewekewa jiwe tangu asubuhi."

"Fundi cherehani hakujengewa na baba yangu!"

"Najua." Machozi yalikuwa yamemjaa na hakujaribu kuyaficha. "Lile lori likimwaga, baba watoto, mpaka hautafungwa tena. Watalimaliza. Mvua ikija, maji yatatafuta pa kwenda, na wewe unajua yatakwenda wapi, uliwaona wale vichanga. Wewe ndiye mwenye kiwanja. Sindano ikichomwa, ni wewe wa kuivuta."

"Sivuti."

Alimwachia mkono akasimama upande wa baba yake. Watu wakaanza kunong'ona kwamba basi, yamekwisha. Fundi cherehani alitema mate chini. Lori kule kwenye matete likapiga honi moja fupi, na sanduku lake likainuka kidogo, kama mtu anayejaribu bega.

Mama Vigingi akachukua sindano kutoka kwa kibarua, akachukua nyundo, akaondoka. Walidhani anakwenda kuvirudisha kwenye gari. Badala yake alizunguka nyumba, akaingia mlango wa mbele, akapita sebuleni, akafika jikoni. Baba mkwe hainuliwi, sawa. Lakini jikoni kwake mwanamke haombi ruhusa ya mtu. Akasogeza meza, akaweka ncha ya sindano kwenye ufa mkubwa, ule alioulaumia saruji, upande wa pili wa ukuta alioegemea mzee. Akapiga.

Pigo la kwanza mzee alilisikia mgongoni. Alitoa mgongo ukutani, kisha akaurudisha, na kila nyundo iliposhuka kule ndani, watu wa nje walimwona akitikisika kidogo. Mwanawe aliziba uso kwa mikono.

Watu wakaingia jikoni kwa kusukumana, wengine wakachungulia dirishani, Meneja naye akasimama mlangoni na simu yake. Sakafu ilivunjika upesi mno. Chini yake vikaja vipande vya vigae, vigae vya rangi, vya choo cha mtu, kisha sindano ikaanza kushuka yenyewe bila kubembelezwa. Ilipozama karibu yote, Mama Vigingi aliweka nyundo chini akaishika kwa mikono miwili.

Haikutoka. Akaweka mguu ukutani akavuta tena. Ndevu alifanya haraka kumsaidia, fundi cherehani akamzuia kwa mkono mzito. "Mwenyewe! Sheria ni yenu, mlitufundisha wenyewe." Alivuta mpaka viganja vikachubuka, na nje jua lilikuwa limegusa paa la shule.

"Sogea," mtu alisema.

Alikuwa seremala. Alikuwa amepita katikati ya watu bila kumtazama yeyote. Hakusema amekubali, na mkewe hakumuuliza. Akaishika sindano juu ya mikono ya mkewe, akavuta mara moja kwa hasira ya mtu anayeng'oa jino, nayo ikatoka.

Harufu ndiyo iliyotangulia, ile ya majani yaliyooza gizani. Kisha wakaona tope, jeusi linang'aa, na nyuzi za mafunjo zimenasa kwenye meno ya nondo, bado na unyevu wake. Seremala alitazama viganja vyake.

"Sebuleni," alisema Mama Vigingi. "Tuchome sebuleni. Haraka."

Sebuleni sakafu ilikuwa ngumu, nyundo ikaruka, na sindano ilipovutwa ikaleta udongo mwekundu mkavu. Basi ziwa lilikuwa linaishia mlango wa jiko. Kila kilichokuwa ndani ya mpaka kingebomolewa: jiko, stoo, na chumba cha mtoto. Ndevu alikuwa nje tayari, anang'oa jiwe lake la huruma kwa mtaimbo, na hakuna aliyejua kama analia au ni jasho. Vibarua wakachimba kwenye kizingiti cha jiko, wakaleta jiwe, wakaleta karai la zege, wakamwaga mbiombio huku mmoja akichungulia jua.

Jiwe likasimama kombo. Walilisukuma, likalala upande wa pili.

"Nani aliwafundisha kusimamisha jiwe namna hiyo?"

Baba mkwe alikuwa mlangoni. Watu wakampisha bila kuambiwa. Alimnyang'anya kibarua mwiko, akapiga magoti kwa shida, goti moja baada ya jingine, akalishika jiwe kwa kiganja cha kushoto. "Leta pimamaji," akasema. Ikaletwa. Akaiweka juu ya jiwe, akafinya jicho, akagonga kidogo kwa mpini wa mwiko, akatazama, akagonga tena. Akashindilia zege pembeni, akalainisha, akakata kingo zikawa safi kama alivyofanya kwenye kuta zile zile siku alipozipandisha.

"Likikaa kombo kesho mtu atalikataa," alisema, bado ameinama. "Kama lazima liwe humu, lisimame wima."

Ndevu akaweka jicho kwenye darubini kule nje, akatazama jiwe hadi jiwe. "Umefungana!" akapiga kelele. "Mpaka umefungana!" Sauti yake ilipasuka katikati. Fundi cherehani alipiga kigelegele kimoja, kisha akakikatiza mwenyewe, akaona hakifai. Meneja alirudisha simu mfukoni. Kule kwenye matete sanduku la lori likateremka, na injini ikaunguruma kupanda mlima na mzigo wake wote.

Mzee alijiinua kwa kushika kizingiti. Mama Vigingi alikuwa bado amesimama pale pale, mikono imechafuka hadi viwiko, na hakujua aiweke wapi.

"Baba," akasema, "kaa kidogo. Nikuchemshie hata chai."

Mzee alitazama jiwe, akatazama jiko upande wa pili wa jiwe. "Utachemshia wapi, mkwe wangu? Jiko liko ziwani."

Watu hawakujua kama wacheke. Yeye mwenyewe hakucheka. Alimrudishia kibarua mwiko wake, akakung'uta magoti, akatoka kwa mlango wa mbele bila kuaga, na Mama Vigingi alimsindikiza kwa macho mpaka alipopinda kona.

Umati ulipotawanyika, seremala alivuka jiwe akaingia jikoni. Akaanza kushusha sufuria kwenye rafu, moja moja, akizipanga sebuleni juu ya kochi. Alipofika kwenye ile kubwa, aliishika muda mrefu, kisha akampa mkewe aipokee.